Sheneti Zimefifia, Zimeota Kijani, Zinacheza: Pa Kuanzia na Pa Kuacha

Tuanze na jina. Chenets ndivyo Wafaransa wanavyoviita vile vyuma viwili viwili vinavyokaa ndani ya meko ya ukutani na kubeba magogo, yasilale kwenye majivu, hewa ipate kupita chini. Kazi yake haiko mbali na ya mafiga, ila hapa kinachobebwa ni kuni zenyewe, si chungu. Jina limetoka kwenye neno lao la mbwa, chien. Humu nitaandika sheneti.

Kila sheneti ina nusu mbili. Nyuma kuna mtaimbo wa chuma wenye mguu. Huo ndio unaofanya kazi. Mbele kuna pambo la shaba iliyochovywa dhahabu. Hilo ndilo linalotazamwa. Nitazungumzia zile za mtindo wa kurudia Ugiriki na Roma, ulioshika Paris tangu miaka ya 1760 na kutawala enzi za Louis XVI: mitungi yenye ndimi za moto, matunda ya msonobari, vichwa vya kondoo dume, simba waliolala, mashada ya majani yaliyoning'inia. Mwaka 1777 fundi Pierre Gouthière alimtengenezea Malkia Marie-Antoinette jozi yenye ngamia kwa chumba chake cha Kituruki kule Fontainebleau. Usiogope, yako si hiyo. Zinazofika mikononi mwetu kutoka minadani na masoko ya vitu vya kale nyingi ni za karne ya 19, zilipoigizwa tena kwa wingi, na baadhi ya hizo za kuigiza ni kazi safi kabisa.

Nimekuwa nikishika vitu hivi kwenye karakana Ubelgiji kwa miaka kadhaa, na malalamiko yanajirudia. Nimeyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili sababu inayotokea sana iko mbele na ya nadra iko nyuma.

Kabla ya kugusa: dhahabu hii ilikaaje hapo

Wachimbaji wadogo wa Geita, Chunya au Migori wataielewa haraka kuliko wengine. Dhahabu ilisagwa, ikachanganywa na zebaki hadi ikawa uji mzito kama siagi. Uji ukapakwa juu ya shaba kwa brashi, shaba ikawekwa juu ya makaa, zebaki ikageuka mvuke ikaondoka, dhahabu ikabaki imeshikana na shaba. Ni moto ule ule na sumu ile ile ya kuchoma donge la zebaki machimboni. Mafundi wa shaba wa Paris walijua kwamba wachovyaji wao wanakufa: mmoja wao, Antoine-André Ravrio, aliyefariki 1814, aliacha faranga 3,000 apewe atakayepata njia ya kuwakinga, na mwaka 1818 mkemia d'Arcet akazichukua kwa tanuru lenye dohani ya kuvuta mvuke.

Kutokana na hayo kuna mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, dhahabu hiyo ni nyembamba, sehemu chache tu za elfu moja ya milimita, na chini yake hakuna nyingine. La pili, mabaki ya zebaki huweza kuwa yamo bado ndani yake, kwa hiyo kitu hiki hakiwashiwi tochi ya gesi kwa sababu yoyote ile.

Vifaa: glavu, brashi laini ya manyoya, pamba na vijiti vya mianzi, maji yaliyotoneshwa, sabuni ya maji isiyo na rangi wala harufu, taulo kuukuu la kulazia, lenzi ya kukuzia, sumaku ndogo. Weka mbali ndimu, siki, ukwaju, majivu, amonia, jiki, sufuria ya kuchemshia, waya wa kusugulia na kila dawa ya kung'arisha shaba iliyo kabatini.

Dalili: zote zimefifia, zina rangi ya chai ya mkandaa

Hii ndiyo inayoongoza, na ndiyo inayowaponza watu.

Sababu ya kwanza ni masizi yaliyochanganyika na mafuta: moshi wa kuni, nta ya mishumaa, viganja vya miaka mia mbili. Dhahabu yenyewe haishiki kutu wala haigeuki rangi. Ukiona kahawia, ama kimekaa juu yake, ama kimetoka kwenye shaba ya chini kupitia vitundu vidogo.

Kipimo ni rahisi. Geuza sheneti, tafuta mahali penye dhahabu pasipoonekana, nyuma ya mguu kwa mfano. Zungusha pamba kwenye ncha ya kijiti, ichovye maji yaliyotoneshwa, ikamue hadi iwe na unyevu tu, kisha iviringishe. Usisugue, iviringishe kama unavyoviringisha penseli mezani. Pamba ikitoka nyeusi au kijivu na chini yake pakabaki njano, una masizi, na hiyo ni habari njema.

Endelea hivyo hivyo na tone moja au mawili ya sabuni kwenye nusu lita ya maji, eneo la ukubwa wa sarafu kwa wakati mmoja. Pamba mpya kila inapochafuka. Kisha pamba ya maji matupu mara mbili kuondoa sabuni, kisha kitambaa kikavu. Usilichovye pambo lote kwenye beseni, maana maji yataingia kwenye matundu ya skrubu na kukuta chuma ndani. Shada moja la majani huweza kukuchukua asubuhi nzima. Mimi huanza na jani la chini kabisa, lile linalotazama sakafu, maana nikikosea hapo hakuna wa kunisuta. Likishafunguka unaona kitu ambacho masizi yalikuwa yamekificha: mishipa ya jani imechorwa mmoja mmoja kwa patasi, na kati ya mishipa mchongaji amegonga vidoti vidogo vidogo ili mwanga usiteleze.

Sababu ya pili ni nta au mafuta ya zamani ya kung'arishia. Pamba ya maji haitoi kitu, lakini ukucha (na glavu yako) unateleza. Hapo hutumika spiriti ya madini, ile wachoraji wanayooshea brashi, kwa pamba, dirisha likiwa wazi na hakuna moto hata wa sigara.

Sababu ya tatu ni vanishi iliyozeeka. Itambue kwa rangi ya asali iliyojikusanya kwenye mikunjo, na kingo zinazobanduka kama ngozi iliyochomwa na jua. Hapa kuna mtego. Vanishi nyingine ilipakwa na fundi wa karne ya 20 na haina thamani. Lakini nyingine ni ya asili: shaba ya bei nafuu haikuchovywa dhahabu hata kidogo, ilipakwa vanishi ya rangi ya dhahabu tangu siku ya kwanza. Ukiitoa hiyo kwa asetoni au spiriti ya kawaida umeondoa uso wenyewe, na ulichobakiwa nacho ni shaba ya bomba la maji. *Pamba ikitoka na rangi ya njano au ya hudhurungi inayong'aa, acha hapo. Mwite mhifadhi, yaani mtaalamu aliyesomea kutunza vitu vya kale.*

Sababu ya nne: hakuna tatizo. Naisema ya mwisho ingawa nakutana nayo mara nyingi kuliko ninavyopenda. Mtu analeta sheneti na kusema, "Huyu kondoo anang'aa, lakini kitambaa alichovikwa kimekufa." Hakikufa. Mafundi wa Paris waliacha sehemu nyingine bila kung'arishwa kwa makusudi, dhahabu ikabaki tulivu kama ganda la yai, kisha wakaisugua sehemu ya pili kwa jiwe la akiki au hematiti hadi ikawa kioo. Gouthière alisifiwa hasa kwa utulivu huo. Mwanga wa moto ukicheza, pembe zinawaka na kitambaa kinabaki kimya, ndipo kondoo anaonekana kama anapumua. Ukiisugua ile sehemu tulivu ili ifanane na jirani yake, umeifuta kazi ya mtu na hairudishiki. Kipimo: tazama kwa lenzi. Kama mpaka kati ya kinachong'aa na kisichong'aa unafuata mchoro sawasawa, ukingo wa jani, pindo la kitambaa, ni makusudi. Kama mpaka unajiendea tu kama ramani ya mvua, ni uchafu.

Dalili: mabaka mekundu au ya njano kali yamejitokeza

Hiyo ni shaba inachungulia. Dhahabu imekwisha mahali hapo.

Mara nyingi ni kusuguliwa. Angalia palipoisha: kama ni kwenye vilele, pua za simba, matumbo ya mitungi, magoti, basi ni vitambaa vya wafanyakazi wa ndani wa vizazi vingi. Uchakavu wa namna hiyo unavumilika. Acha ulivyo.

Kama mabaka yako kila mahali, vilele na mabonde, basi ni tindikali au dawa. Mama mmoja wa Tanga aliniletea jozi aliyoinunua kwenye soko la kila siku la Place du Jeu de Balle, Brussels. Ilikuwa imefungwa kwenye kanga, na nilipoifungua ilikuwa nyekundu ya waridi kama sufuria mpya.

"Shikamoo mama. Ulisafisha kwa nini?"

"Marahaba mwanangu. Ndimu na majivu. Si ndivyo tunavyosafisha sinia?"

Ndivyo, na sinia hutoka kama jua. Sinia ni shaba hadi ndani. Ukiondoa tabaka la juu, la chini ni lile lile. Kwa sheneti, ndimu huila shaba kupitia vitundu vilivyomo kwenye dhahabu, dhahabu ikabaki haina kiti, kisha majivu hufanya kazi ya msasa. Ile jozi tuliisuuza kwa maji yaliyotoneshwa mara nyingi, tukaikausha, tukaipaka nta ya kuhifadhia, na basi. Anayo sebuleni, nyekundu. Anasema ameizoea.

Sababu ya nadra zaidi ni kwamba uchovyaji ulikuwa wa umeme, ulioenea baada ya hataza ya Mwingereza Elkington ya 1840. Dhahabu ya umeme huwa sawa kote, rangi moja bila vina, na mara nyingi ni nyembamba zaidi, kwa hiyo inaisha mapema.

Marekebisho ya nyumbani hayapo. Rangi ya dhahabu ya kopo inayouzwa duka la vifaa vya sanaa ni unga wa shaba ndani ya gundi; baada ya miaka michache inageuka kahawia na kuiondoa ni kazi kuliko kuiweka. *Mtu akikushauri zichovywe upya zote, usimpe. Kitu kilichochovywa upya hupoteza thamani yake kwa mnunuzi anayejua, na kwa zebaki hakuna karakana ya mtaani inayopaswa kukifanya.*

Dalili: kijani

Kuna kijani cha aina tatu, na kila kimoja kina dawa yake. Chukua kijiti cha mianzi kilichochongwa, kiguse kijani polepole.

Kikitoka kama nta, laini, kijani kibichi cha mgomba, ni mafuta yaliyokutana na shaba. Hupatikana chini ya matone ya mshumaa na kwenye mikunjo iliyowahi kupakwa mafuta. Kitoe kwa kijiti na pamba yenye spiriti ya madini. Hakiambukizi.

Kikitoka kama chaki, cheupe chenye kijani kwa mbali, kimejazana kwenye mifereji ya michoro, ni mabaki ya dawa ya kung'arishia ambayo mtu hakuisuuza. Kijiti kikavu, brashi, subira. Chuma hakiingii humo, hata sindano.

Cha tatu ndicho cha kuogopa. Ni madoa madogo ya kijani mpauko, unga mkavu unaojitokeza kama ukungu wa mkate, unaufuta Jumatatu na Jumatano umerudi. Huo wahifadhi huuita ugonjwa wa shaba. Chumvi ya kloridi imeingia ndani ya metali. Ikipata unyevu na hewa inazaa tindikali, tindikali inaila shaba, shaba iliyoliwa inazaa chumvi nyingine, na mzunguko haukatiki wenyewe. Chumvi hutoka wapi? Kwa kusafishwa na siki iliyotiwa chumvi, kwa jiki, kwa mikono yenye jasho, kwa kuchoma mbao zilizookotwa ufukweni, na kwa hewa ya bahari yenyewe. Aliyezipeleka sheneti zake Mombasa, Unguja au Maskati na kuziweka karibu na dirisha la baharini asishangae.

Hatua ya kwanza si kufuta, ni kukausha. Weka kipande hicho peke yake kwenye sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya silika jeli vya kutosha na kipima unyevu kidogo. Lenga chini ya asilimia 40. Unga uliodondoka uufute kwa karatasi yenye unyevu na uitupe, usiupulize. *Kisha piga simu. Ugonjwa huu hautibiwi kwa sabuni, na dawa anazotumia mhifadhi hazitakiwi jikoni kwako.*

Dalili: sehemu imegeuka kijivu au fedha

Ya kawaida ni kwamba si shaba hata kidogo. Karne ya 19 ilimwaga mapambo ya zinki iliyopakwa rangi ya dhahabu, na dhahabu ikiisha zinki ya kijivu inatokea. Ipime kwa sauti: gonga kidogo kwa kifundo cha kidole. Shaba inaitika kwa mlio, zinki inasema "du". Geuza ukague chini ya kitako palipokwaruzwa. Kijivu hadi ndani ni zinki. Sumaku hapa haisaidii, haishiki shaba wala zinki. Itakusaidia tu ikinasa kwenye pambo la mbele, maana hapo una chuma kilichopakwa rangi. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 hivi za Selsiasi, na kitanda cha makaa kinazipita hizo bila shida. Jozi ya zinki ni ya kutazamwa, kuni zisiwashwe humo.

Baada ya hapo kuna lehemu: mtu aliwahi kuunganisha kwa risasi, ikachuruzika. Inaonekana kama mstari au tone kwenye kiungo.

Ya nadra, lakini iseme kwa sauti: zebaki huru imegusa dhahabu. Kipimajoto au kipimahewa cha kale kilivunjika juu ya rafu ya meko, matone yakashuka, dhahabu ikayanywa na kugeuka fedha inayong'aa. *Usipashe moto, usisugue, usifagie, usivute kwa mashine ya umeme. Toa watoto chumbani, fungua madirisha, funga mlango, na umtafute anayeshughulikia kemikali hatari kabla ya yeyote wa vitu vya kale.*

Dalili: inacheza, inalala upande, kipande kimekatika

Kabla ya kukaza chochote, piga picha kila upande, kisha tazama mgongoni. Pambo la mbele ni vipande vingi vilivyosubiwa mbali mbali, mtungi, shada, mguu, ukingo, na kushikanishwa kwa skrubu na nati. Mara nyingi utaona alama zilizochanjwa kwa patasi nyuma ya kila kipande: mkato mmoja, miwili, vidoti. Ni fundi alikuwa anajikumbusha nini kinakaa wapi. Anayefungua bila kuzisoma hufunga simba wa kulia kwenye kitako cha kushoto, kisha anashangaa mbona tundu halikutani.

Sababu ya kwanza: nati imelegea. Chuma na shaba havitanuki sawa vikipata moto, kwa hiyo miaka ya kuwaka na kupoa hulegeza. Kaza kwa vidole, kisha robo mzunguko kwa koleo lililofungwa kitambaa. Ikigoma, basi. Shaba ya kale hukatika bila taarifa.

Ya pili: hesi zimeliwa. Skrubu za karne ya 18 zilikatwa kwa mkono, kila moja na meno yake, na nati yake ni yake. Nati mpya ya pembe sita ya dukani haitaingia, na ikiingia kwa nguvu itakata meno ya asili. Washa ya shaba au ya ngozi nyembamba chini ya nati ya zamani mara nyingi inatosha kurudisha mkazo. Usitoboe tundu upya.

Ya tatu: chuma cha nyuma kimepinda, au mguu wake umeliwa na kutu, pambo likawa linainama mbele. Weka sheneti juu ya kioo au meza iliyonyooka, bila pambo ikiwezekana, uone ni nani aliyepinda.

Ya nne: ufa kwenye shaba yenyewe. Hapa nawaona watu wakichukua gundi ya haraka au tochi ya kulehemu. Gundi itashika hadi moto wa kwanza, halafu itakuwa imejaza uso wa ufa na kumpa kazi mhifadhi. Tochi itachoma dhahabu sentimita kadhaa kila upande, na ule mvuke wa zebaki nimekwisha kuutaja. *Ufa, kipande kilichokatika, skrubu iliyokatikia ndani: kusanya vipande kwenye mfuko mmoja, andika tarehe, acha.*

Dalili: kutu kwenye mtaimbo

Hili ndilo tatizo jepesi kuliko yote, na unaweza kulimaliza mwenyewe, mradi pambo limefunguliwa na kuwekwa chumba kingine. Brashi ya waya laini, kitambaa, kisha nta au grafiti ya majiko. Vumbi la kutu likiangukia dhahabu yenye unyevu litaacha doa. Chunguza tu pale chuma kinapoingia kwenye shaba: kutu hutanuka, na ikikosa nafasi inaipasua shaba kutoka ndani. Ukiona kiungo kimefura au mstari mwembamba unaanzia hapo, rudi juu kwenye ufa.

Mtaimbo ukiwa mpya kuliko pambo usihuzunike. Ulikuwa unaungua, watu waliubadilisha kama tunavyobadilisha mpini wa jembe.

Dalili: hazifanani

Kwanza hakikisha hazikukusudiwa kutofanana. Jozi nyingi ni za kulia na kushoto, zinatazamana kama picha na kioo chake. Quentin-Claude Pitoin aliweka kulungu kwenye moja na nguruwe mwitu kwenye ya pili, kwa Madame du Barry, kimada wa Mfalme Louis XV.

Kama michoro ni ile ile lakini moja ni ndogo kidogo, kwa asilimia 1 au 2, na sura zake butu, pengine imesubiwa kutoka kwenye umbo la mwenzake: mtu alipoteza moja akatengeneza kalibu kutoka kwa iliyobaki. Shaba hunywea inapopoa, ndipo urefu unapungua. Pima sehemu moja kwenye zote mbili, kutoka ukingo wa kitako hadi shingo ya mtungi, kwa kalipa.

Hapo hapo chini ya kitako tafuta mihuri. Herufi C yenye taji juu yake ni alama ya kodi iliyogongwa kwenye shaba Ufaransa kati ya 1745 na 1749. Wauzaji huipenda. Lakini mtindo tunaouzungumzia ulikuja baada ya kodi hiyo kufutwa, kwa hiyo C yenye taji kwenye sheneti ya mitungi na mashada inahitaji maelezo, na kwa kawaida maelezo ni kwamba mtu aliigonga baadaye. Kutokuwa na muhuri wowote, kwa upande mwingine, hakumaanishi kitu. Wengi wa mafundi wale hawakutia alama.

Dalili: zinanuka moto ukiwashwa

Nta, mafuta ya taa aliyopaka muuzaji ili zing'ae siku ya mnada, au vanishi mpya. Zima moto, zipoe kabisa, zisafishe kama nilivyoeleza kwenye masizi na nta ya zamani. Harufu ikirudi mara ya tatu ni vanishi. Makaa ya mawe yana salfa na yataifanya shaba iwe nyeusi. Mbao zilizopakwa rangi na plastiki usizikaribishe. Moto mdogo wa kuni kavu, uliorudishwa nyuma kwenye chuma, ndio zilizotengenezewa.

Ukiamua kumpelekea mtaalamu

Ufaransa, wahifadhi wa metali husomea kwenye Institut national du patrimoine na vyuo vichache vinavyotambuliwa. Uliza amesomea wapi. Muulize pia atatumia nini. Akitaja amonia au "tutaichovya kwenye dawa dakika tano," mshukuru, ubebe sheneti zako. Akiomba kwanza aijaribu sehemu isiyoonekana, na akakupa maelezo kwa maandishi kabla ya bei, kaa.

Na za kubeba: fungua kila kinachofunguka kwa vidole, funga kila kipande kwa karatasi isiyo na asidi na si gazeti, weka chuma na shaba kwenye masanduku mbali mbali. Usiinue sheneti kwa kushika mtungi wala shada. Ingiza mkono chini ya kitako, wa pili kwenye mtaimbo, na umwombe mtu akufungulie mlango.